Rangi mbovu kwenye gari la kale: kuirekebisha bila kulivua gari zima

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1978, iliyokuwa ya mjomba wangu. Lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, nikalifufua polepole: bodi kwanza, kisha injini, viti, na mwisho rangi. Nilipolitoa kwa fundi rangi lilikuwa liking'aa hadi watoto wa jirani wakawa wanajitazama meno kwenye mlango. Hiyo ilikuwa Mei, masika yamepamba moto hapa Mombasa. Kufikia Agosti mng'ao ulikuwa umenywea. Boneti ilionyesha mistari ya msasa kama nywele zilizopitishwa kitana. Chini ya mlango wa dereva kulikuwa kumeota malengelenge madogo madogo, na chini ya taa ya nyuma mchirizi wa rangi ulikuwa umeganda kama nta ya mshumaa.

Fundi alinishauri tutoe rangi yote tuanze upya. Nilikataa, na hadi leo nashukuru. Paa, buti na madigadi hazikuhitaji hata tone la rangi mpya. Boneti ilihitaji kupigwa upya, na sehemu ya chini ya milango miwili ilihitaji kuvuliwa hadi bati. Kila kasoro ilikuwa imezaliwa kwenye tabaka lake, na kazi yote ya kurekebisha rangi huanza kwa kulijua tabaka hilo. Ukisugua kwa kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, kitu kilichoanzia kwenye bati, unapoteza muda. Ukivua hadi bati kitu kilichokuwa juu tu, unapoteza pesa, na pengine rangi nzuri iliyokuwa chini yake.

Unene unaouchezea

Chukua karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia. Unene wake ni takriban maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Rangi ya kiwandani ya gari la kisasa, ukihesabu tabaka zote kuanzia praima, ile rangi ya kwanza inayoshika bati, kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 180. Gari lililopigwa upya kwa uangalifu linaweza kufika 200 au 300. Klia, ile laka isiyo na rangi inayokaa juu kabisa, ikipigwa koti mbili, yaani mipako miwili, huwa kati ya maikroni 40 na 60. Ni nusu ya karatasi uliyoishika.

Nusu hiyo ya karatasi ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua, na kila unapopitisha msasa unaipunguza. Kwa hiyo weka kanuni hii kichwani kabla hujalowesha chochote: toa kidogo kadiri inavyowezekana, na ukifika mahali ambapo kasoro imebaki kidogo lakini mng'ao umerudi, simama. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968 na ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa dereva Ove Andersson. Lilikuwa gari la kazi. Halikutoka kiwandani likiwa kioo, na huna sababu ya kulikwangua hadi liwe kioo.

Kwanza mapafu yako

Rangi za 2K ni zile zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha, iitwayo hadina, na hadina hiyo ina kemikali ziitwazo isosaniati. Zinaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na aliyekwisha kudhurika huweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo mno baadaye. Kitambaa usoni hakisaidii, barakoa ya vumbi haisaidii. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha kupigia rangi. Kama huna, fanya mwenyewe kazi ya msasa, fila (ule udongo wa kujazia mabonde ya bati) na polishi, halafu sehemu ya kupiga 2K mpelekee mwenye chumba na vifaa. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa boneti, na sioni aibu yoyote.

Jambo la pili ni risasi. Rangi za zamani za magari zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo rangi ya asili ya gari la miaka ya 1970 isisuguliwe kavu kwenye ua ambako watoto wanacheza. Isugue kwa maji, kusanya tope lake kwa gazeti au kitambaa, na usilimwage kwenye bustani ya mchicha.

Osha, halafu tazama usiku

Osha gari kwa maji ya bomba na sabuni, ukianzia juu. Kwa sisi wa pwani suuza mara mbili, kwa sababu chumvi iliyokauka husuguana na rangi kama mchanga. Likauke kabisa.

Sasa subiri giza liingie. Washa taa moja ya tyubu karibu na gari na utazame mwanga wake kwenye bati, si bati lenyewe. Pale ambapo mstari wa mwanga umenyooka, rangi iko sawa. Pale ambapo kingo zake zinatetemeka kama maji yaliyoguswa, kuna ganda la chungwa: rangi ilitua kabla ya kutandazika. Pale ambapo mstari unapinda kwa upole kama nyoka, kosa liko kwenye fila au unyooshaji wa bodi, na hakuna polishi itakayolitoa. Bandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye kila kasoro na uandike jina lake kwa penseli. Gari langu lilijaa tepu kama mgonjwa aliyetoka kwenye ajali, lakini asubuhi yake nilijua kazi iliyokuwa mbele yangu.

Vipimo vinne visivyo na gharama

Cha kwanza ni sumaku. Ifunge kwenye kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe kila paneli. Inaposhika kwa nguvu, rangi ni nyembamba. Inapolegea au kuanguka, chini yake kuna fila nyingi. Ukiweza kuazima kipima unene wa rangi, bora zaidi: namba ikivuka maikroni 500 shuku fila, na ikivuka 1,000 usishuku tena.

Cha pili ni kitambaa cheupe. Weka kompaundi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mfuniko wa buti. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi hakuna klia; unasugua rangi yenyewe. Kikibaki cheupe au kijivu cha uchafu tu, kuna klia juu.

Cha tatu ni thina. Lowesha pamba kwa thina (kiyeyusha rangi) ya NC, ile rangi ya nitroselulosi inayokauka thina ikitoka tu, kisha iweke mahali palepale pa kificho kwa nusu dakika. Rangi ya NC italainika na kuja na pamba. Rangi ya sinthetiki, yaani ya mafuta inayokauka kwa hewa, itavimba au kukunjamana. Rangi ya 2K iliyokauka sawasawa haitajali. Lakini 2K ikinatanata, hadina haikuwekwa ya kutosha, na hiyo ni habari mbaya, kwa sababu rangi ya namna hiyo haitakauka hata uiache mwaka mzima. Wazee wa gereji bado huiita NC "duko", jina la rangi ya kampuni ya DuPont iliyobadilisha kazi hii miaka ya 1920. Kabla yake gari liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri vanishi yake ikauke. Ni lazima ujue uliyonayo, maana ukipiga rangi yenye thina kali juu ya sinthetiki itakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Cha nne ufanye tu pale ambapo tayari unashuku rangi haijashika. Kwa wembe mpya chora mistari sita ya kwenda na sita ya kukatiza, kila mmoja milimita 2 kutoka mwenzake, hadi bati lionekane. Bandika tepu yenye gundi kali, ing'oe kwa ghafla. Vijiraba vikibanduka, angalia mgongo wake: ukiona praima imekuja pia, bati halikuandaliwa, ukiona rangi pekee, praima haikukwaruzwa kabla ya kupigwa rangi.

Kasoro za juu, za kati na za chini

Chembe za vumbi, michirizi, ganda la chungwa, mizunguko iliyoachwa na mashine ya polishi na alama za kinyesi cha ndege kwa kawaida hukaa juu. Hizi ni za msasa laini na kompaundi. Ukungu mweupe wa NC iliyopigwa kwenye hewa yenye unyevu nao mara nyingi uko juu, na wakati mwingine huondoka kwa polishi tu.

Za kati ndizo zinazodanganya. Mistari ya msasa iliyotokea kwenye boneti yangu haikuwa juu ya klia. Andakoti, tabaka linalokaa kati ya praima na rangi, ilisuguliwa kwa msasa mkali kama wa namba 180 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi), ikapigwa rangi kabla thina haijatoka. Thina ilipotoka taratibu kwa miezi, rangi ilizama kwenye kila mkwaruzo. Nilijaribu eneo dogo kwa msasa wa 1500: juu pakawa laini kama kioo, lakini mistari ikabaki palepale ikinitazama. Hapo hakuna ujanja, paneli inarudi kupigwa.

Vivyo hivyo vitundu vidogo kama vya sindano, vinavyotokea koti nzito zinapofuatana upesi na thina kulazimika kutoboa njia yake. Ukivisugua unavifungua zaidi. Macho ya samaki, yale mabonde ya mviringo ambayo rangi imekimbia katikati, husababishwa mara nyingi na silikoni au mafuta. Ukitelezesha ukucha na ukucha ukashuka ndani, yako ndani mno kwa polishi.

Za chini ni malengelenge, nyufa, kubanduka na kutu. Toboa lengelenge moja kwa pini. Kwangu kilitoka kijitone cha maji. Fila huchukua maji kama sifongo, na fundi wangu aliisugua kwa msasa wa maji msimu wa mvua, akaifunika kabla haijakauka. Maji yale hayakuwa na pa kwenda. Jua lilipoyachemsha, yaliinua rangi. Fila isuguliwe kavu, siku zote, hata kama vumbi lake linakera.

Kuondoa michirizi na chembe

Kabla ya kugusa mchirizi, bonyeza ukucha mahali palipo panene zaidi. Ukiacha alama, ndani bado ni laini. Mchirizi unaweza kuonekana mkavu juu huku ndani ukiwa mbichi kwa wiki nyingi. Uache.

Ukiwa mgumu, chukua puti nyembamba, ile ya kuziba mikwaruzo, uipake juu ya mchirizi na pembeni yake pande zote kwa upana wa vidole viwili. Ikauke. Funga msasa wa maji namba 1000 kwenye kibao kigumu cha ukubwa wa kiberiti. Usitumie vidole peke yake, kwa kuwa vidole hufuata mlima na bonde. Sugua taratibu juu ya mchirizi ukiwa na maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Puti iliyo pembeni ndiyo mlinzi wako. Maadamu bado inaonekana kuzunguka mchirizi, ujue rangi ya jirani haijaguswa. Kilele cha mchirizi kitajitokeza kwanza kama kisiwa, kisiwa kitapanuka, na puti itaanza kuwa nyembamba kama kivuli. Hapo badilisha uende namba 1500, malizia puti yote kwa 2000, kisha 3000.

Chembe za vumbi ni rahisi zaidi. Kipande kidogo cha msasa wa 2000 kwenye kibao, mapito machache, futa, tazama, basi.

Ganda la chungwa

Loweka msasa wa 2000 kwa angalau dakika 15. Kama ganda ni nene, na kipimo kimekuonyesha klia ya kutosha, anza na 1500. Bandika tepu kwenye kingo zote za paneli na kwenye kila mkunjo wa bodi, maana rangi hukimbia kingo na hapo ndipo watu wengi wanapotoboa.

Sugua kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Kila baada ya mapito kama kumi, vuta maji kwa kipande cha raba na utazame. Utaona sehemu zilizofifia na vidoti vinavyong'aa. Zilizofifia ni vilima ulivyovikata, vinavyong'aa ni mabonde ambayo msasa haujafika. Vidoti vikipungua hadi vichache, acha. Tamaa ya kumaliza vyote ndiyo inayotoboa klia. Maji yakigeuka rangi ya gari lako ilhali ulikuwa unasugua klia, umeshatoboa. Simama hapo hapo.

Rudia kwa 3000, safari hii ukikatiza mwelekeo wa mwanzo, ili uone mistari ya zamani ikitoweka.

Kompaundi na polishi

Usifanye kazi hii juani. Bati la rangi iliyokolea likikaa jua la saa saba mchana halishikiki, na kompaundi hukauka kabla haijafanya kazi. Tafuta kivuli, gawa paneli vipande vya kama sentimita 50 kwa 50, na umalize kimoja kabla ya kuhamia kingine.

Kwa mashine ya kuzunguka ya kawaida, pedi ya sufu na kompaundi, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika inatosha. Usiisimamishe mahali pamoja, na usiielekeze kwenye ukingo; acha tepu mahali pake hadi mwisho, kisha kingo uzimalizie kwa mkono. Weka kiganja kwenye bati mara kwa mara. Likiwa vuguvugu, endelea. Ukilazimika kuondoa kiganja, pumzisha. Baada ya kompaundi hamia pedi ya sponji laini na polishi nyepesi, ambayo ndiyo inayoondoa ile mizunguko kama utando wa buibui inayoonekana juani. Mashine ya aina ya DA, ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba, ni ya polepole zaidi, lakini kwa anayejifunza ndiyo ningemshauri, kwa sababu ni vigumu kuunguza nayo rangi.

Futa kila kipande kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, na wiki mbili baadaye inarudi yote.

Sehemu inayovuliwa hadi bati

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo mafundi wengi hukimbia.

Chini ya mlango, vua rangi hadi uvuke lengelenge la mwisho kwa sentimita 5 hadi 8. Malengelenge unayoyaona ni yale yaliyokwisha kukua tu. Kutu ikitokea, isugue kwa brashi ya waya hadi bati jeupe, na palipobaki vidoti tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, kisha fuata maelekezo ya kopo kuhusu kuisuuza. Asidi ikibaki, praima ya epoksi haitashika. Kama kutu imetoboa, acha rangi na utafute fundi wa kuchomelea; fila juu ya tundu ni deni.

Bati likishakuwa safi na kavu, piga praima ya epoksi siku hiyohiyo. Kwa hewa yetu ya pwani bati tupu likilala usiku mmoja linaamka na wekundu. Wapo mafundi wanaoweka fila moja kwa moja kwenye bati, na kwenye hewa kavu si kosa. Huku kwetu mimi nataka epoksi chini.

Fila ichanganywe na hadina kama gramu 2 kwa kila gramu 100, hadi rangi iwe moja bila mistari. Ukizidisha hadina ili ikauke haraka, baadaye itapenya na kutia doa kwenye rangi ya juu. Isizidi milimita 3 baada ya kusuguliwa. Ikihitajika zaidi ya hapo, bodi haijanyooshwa. Sugua kavu kwa 80, kisha 120, malizia 180, kwa kibao kirefu kinachofuata umbo la mlango. Mipaka ya rangi ya zamani iteremshe kwa upana, kila tabaka lijitokeze kama pete ya sentimita 2 au zaidi. Pete nyembamba zitaonekana juani hata chini ya rangi mpya.

Fuata kwa andakoti koti mbili au tatu, na uipe muda ulioandikwa kwenye kopo, si ule ulioandikwa kwenye hamu yako. Ikikauka, nyunyiza rangi nyeusi ya kopo kwa mbali, vumbi tu. Halafu sugua kwa 320. Weusi ukibaki mahali, hapo ni bonde. Ukiondoka upesi na chuma kikaonekana, hapo ni mlima. Umbo likinyooka, maliza kwa 500 kama rangi ni ya koti moja bila klia, au 600 hadi 800 kama utapiga rangi na klia. Ingefanywa hivyo mara ya kwanza, boneti yangu isingehitaji kurudi.

Kulinganisha rangi

Namba ya rangi iliyotolewa na kiwanda ni mwanzo tu. Gari lililopigwa upya halilingani tena na kitabu cha rangi, na hata rangi ya asili hupauka. Ing'arishe kwanza rangi iliyo jirani, maana kulinganisha na rangi iliyofifia ni kujidanganya. Mwenye duka akikuchanganyia, piga kwenye kadi ya majaribio kwa bunduki ya rangi ileile utakayotumia, koti zilezile, na klia ikiwepo. Ishike kadi kwenye mlango saa nne asubuhi, kivulini, na tena saa kumi na moja jioni jua likiwa la manjano. Rangi mbili zinaweza kufanana mchana na kutengana jioni. Peleka rangi ififie polepole kwenye sehemu ya juu ya mlango, lakini klia ifunike mlango mzima hadi kwenye kingo. Klia inayokomea katikati ya paneli huacha mstari ambao utarudi kuonekana.

Siku ya kupiga

Msimu una neno lake. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa chache, ndiyo miezi ninayoipenda kwa kazi hii. Katika siku yenyewe, saa tatu hadi saa tano asubuhi ni nzuri: umande umeondoka na upepo wa baharini haujaanza kubeba vumbi. Kipima unyevu kikionyesha zaidi ya asilimia 80, ahirisha. Bati lenyewe linatakiwa liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kile kiwango ambacho umande huanza kutua. Tumia thina na hadina za polepole zilizotengenezwa kwa joto. Za haraka hukausha uso wa rangi kabla chini haijatoa thina, na hapo vitundu huzaliwa.

Kompresa ina maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi na uone kinachotoka. Chujio la maji lisifungwe karibu na kompresa, kwani hewa inapotoka ikiwa ya moto maji yake bado ni mvuke na yatapita. Liweke mita kadhaa mbele, hewa ikishapoa. Kisha puliza bunduki tupu kwenye kioo kwa dakika moja. Kioo kikipata hata unyevu kidogo, usipige rangi.

Safisha paneli kwa dawa ya kuondoa silikoni, kitambaa kimoja cha kulowesha na kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka. Petroli na mafuta ya taa viache kwenye injini, huacha mafuta. Asiruhusiwe mtu kupuliza polishi ya dashibodi karibu.

Kwa rangi na klia, tundu la bunduki la milimita 1.3 au 1.4, kwa andakoti 1.6 hadi 1.8. Shinikizo karibu baa 2 bunduki ikiwa imefunguliwa, kisha fuata karatasi ya maelekezo ya bunduki yako. Jaribu kwenye boksi hadi alama iwe ndefu na sawa. Shika umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono uende sambamba na bati badala ya kuzunguka kama upinde, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Kati ya koti na koti subiri dakika 10 hadi 15, au hadi rangi kwenye tepu ya pembeni isivute uzi ukiigusa kwa kidole. Usiguse mlango. Gusa tepu.

Mdudu akitua, mwache. Ukimng'oa utaacha jeraha kubwa kuliko yeye. Ataondoka na msasa wa 2000 rangi ikikauka.

Baada ya hapo

Klia ya 2K kwa joto letu mara nyingi inasuguliwa na kupigwa kompaundi baada ya saa 24 hadi 48. NC huendelea kunywea kwa wiki nyingi, kwa hiyo ipe angalau mwezi kabla ya kuing'arisha kwa mara ya mwisho. Nta nayo isubiri kama mwezi, ili thina iliyobaki ipate pa kutokea. Usioshe gari kwa mashine ya maji yenye nguvu katika muda huo, na kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo kwa maji mengi.

Kabla ya kurudisha kadi ya mlango, yaani ubao unaoufunika kwa ndani, lala chini utazame ukingo wa chini wa mlango. Kuna matundu madogo ambayo maji ya kioo hupitia. Kwangu mawili kati yake yalikuwa yamezibwa na andakoti ya fundi wa kwanza, na ndani ya mlango kulikuwa na matope yenye unyevu, pamoja na jani la mwembe. Yazibue kwa waya, mwaga maji juu ya kioo uone yanatoka, yaache yakauke, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu ndani, kwenye mshono wote wa chini.